Mafia au Kilwa Kisiwani? Tazama kalenda kabla ya kutazama picha

Ukiwa na siku tatu, nenda Kilwa. Ukiwa na siku sita, na mwezi wenyewe uko kati ya Oktoba na Februari, nenda Mafia. Ukiwa na siku sita lakini ni Aprili, baki nyumbani ulale. Hilo ndilo jibu nililompa binamu yangu, akakasirika, akasema hakuniomba kitendawili. Basi hapa nalirefusha.

Binamu alikuwa na likizo ya wiki moja, mume asiyejua kuogelea, na mtoto wa miaka tisa anayependa samaki kuliko anavyopenda watu. Alikuwa ameona picha za papa potwe kwenye simu na picha za msikiti wa Kilwa kwenye kitabu cha historia cha mwanawe. Akataka nimwambie kipi "kizuri zaidi". Nikamwambia uzuri hausaidii kuchagua hapa, maana vyote ni vizuri. Aangalie mwezi, aangalie maji, kisha amwangalie mume wake.

Visiwa hivi viko pwani moja, kusini mwa Dar es Salaam. Mafia imekaa mbele ya mlango wa mto Rufiji, pale mto unapomwaga tope lake baharini, na Kilwa iko kusini zaidi, imejificha ndani ya ghuba. Vyote vinalindwa kisheria, kila kimoja kwa sababu yake. Upande wa kusini-mashariki wa Mafia, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, ni Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Usifikirie uzio na geti la simba. Ndani ya hifadhi hiyo kuna vijiji, watu wanavua, wanaoana na kuzikana, ila wana kanuni za nyavu zipi zitumike na wapi pasiguswe. Kilwa Kisiwani, pamoja na jirani yake Songo Mnara, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 ikahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe na kuta zilikuwa zinadondoka. Ikaondolewa huko mwaka 2014 baada ya ukarabati.

Kutokana na hayo watu huhitimisha kwamba Mafia ni maumbile na Kilwa ni historia. Mimi sikubali. Kuta za Kilwa zimejengwa kwa matumbawe. Tumbawe likitolewa baharini lingali bichi huwa laini, fundi analichonga anavyotaka, mihrabu au kizingiti cha mlango. Likishakaa hewani linakuwa gumu. Chokaa inayoshikanisha mawe ni matumbawe pia, yamechomwa kwa kuni. Kwa hiyo kile unachokiona Kilwa kimesimama ukutani miaka 700, Mafia unakiona chini ya maji kingali hai, kina samaki wanaingia na kutoka. Ni jiwe lilelile. Ukilijua hilo, hutajilaumu sana kwa kisiwa ulichokiacha.

Kufika

Hapa Kilwa inashinda, tena kwa mbali. Unapanda basi la kusini, unavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, unafika Nangurukuru, unakata kushoto kuelekea Masoko. Ni kama kilomita 300, lami. Angalizo moja kwa wageni: Kilwa ziko tatu. Kivinje ni mji wa zamani wa misafara na boma la Wajerumani, Masoko ndio mji wa wilaya wenye gesti na soko, na Kisiwani ndiko kwenye magofu. Ukimwambia kondakta "Kilwa" tu, unaweza kushushwa Kivinje ukabaki unashangaa bahari. Sema Masoko.

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni mkondo mwembamba tu wa bahari. Kabla ya kuvuka unapita ofisini, unalipa kiingilio, unapewa kibali na mtu wa kukutembeza. Siku hizi magofu yako chini ya TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, jambo linalowachekesha wazee wa kule, maana wanyama wenyewe ni mbuzi. Kisha unapanda mashua. Upepo ukiwa mzuri wanatanga, ukilala wanawasha mashine. Mume wa binamu yangu angefumba macho akayafumbua yuko ng'ambo.

Mafia ni habari nyingine. Ukiwa na pesa, kuna ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa na kitu, unashuka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, na kifuko chako, kwa kuwa mzigo mkubwa hawapokei. Usipokuwa nazo, unaondoka Mbagala alfajiri, unaingia ndani kwenye njia ya Bungu, unafika Nyamisati. Nyamisati ni bandari iliyo ndani ya mikoko, na chombo kinaondoka kwa amri ya maji. Tiketi itasema saa, lakini maji yakiwa yamekupwa, saa ya tiketi ni mapambo. Safari yenyewe inaweza kuchukua saa mbili, inaweza kuzidi nne, kutegemea chombo na bahari.

Mara yangu ya kwanza boti niliyopanda ilijaza watu, magodoro, kreti za soda na mbuzi wawili, nikakaa juu ya gunia la sembe hadi Kilindoni. Makoti ya kujiokolea yalikuwepo, yamefungwa vizuri kwenye rundo moja juu ya paa. Nilipouliza, baharia akanijibu kwa upole kabisa, "Bahari leo ni maji ya kunywa, mjomba." Na kweli ilikuwa tulivu. Lakini tangu siku hiyo ninauliza kwanza, napanda baadaye, na chombo kikijaa nasubiri kingine hata kama ni kesho. Ndio maana nasema Mafia inahitaji siku sita: mbili kati yake ni za bahari, na moja ni ya bahari kukataa.

Halafu kuna misimu. Kaskazi, yaani kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, bahari ya Mafia hutulia na maji huwa maangavu. Kusi linapoanza kuvuma, Mei hadi Septemba, upande wa nje wa mwamba unachafuka, na wazamiaji hubaki ndani ya ghuba ya Chole. Masika ndiyo mabaya kwa wote. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja kufikia nchi kavu hapohapo Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, kwa hiyo wa Kilwa nao walikwama. Ndiyo maana nilisema Aprili ulale.

Walio hai

Mafia wanaye papa potwe. Wakenya wengi humwita papa shilingi, na kuna masimulizi kwamba Mungu alipomuumba alipendezwa naye hata akawapa malaika sarafu za fedha na dhahabu wamrushie, ndipo mgongo wake ukawa na madoa. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana shida na wewe. Anakula vijidudu, uduvi na mayai ya samaki. Wanaokuja Mafia wengi ni madume ambayo bado hayajakomaa, ya mita sita, saba hivi. Kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa nyuma ya mashavu, kama alama ya kidole, na watafiti wamekuwa wakiwapiga picha na kuwatambua mmojammoja.

Jambo ambalo vipeperushi havilisemi vizuri ni kwamba hao potwe hawaonekani hasa ndani ya hifadhi. Hifadhi iko kusini-mashariki, wao wako magharibi, mbele ya Kilindoni, pale wavuvi wa dagaa wanapotega ringineti, ule wavu wa kuzungushia samaki, usiku. Dagaa wanafuata uduvi, potwe naye anafuata uduvi, na mvuvi anawafuata dagaa. Wote wanakutana sehemu moja. Kwa hiyo ulinzi wa mnyama huyu unategemea zaidi moyo wa mvuvi anayemkuta ameingia kwenye wavu asubuhi, akaamua kukata kamba zake za pesa amwachie. Niliona wakifanya hivyo. Walikuwa wanamtukana, lakini walimwachia.

Kuogelea naye si kama kwenye picha. Unakaa kwenye mashua saa nzima, jua linakupiga utosini, nahodha amesimama mbele anatazama maji kama anayesoma. Kisha anasema, "Huyo." Wewe huoni kitu. Anasema tena, kwa ukali, "Huyo! Ruka!" Unaruka na miwani yako na mrija, unaona ukungu wa kijani, unafikiri umeruka bure, halafu ule ukungu unapata madoa. Ukuta wenye madoa unapita pembeni yako bila haraka, unapita, unaendelea kupita, na mkia ndio wa mwisho, mrefu kuliko wewe. Nilimeza maji. Kanuni ni usimguse, usimkatizie mbele, na taa za kamera uzizime. Mashua zikiwa nyingi kanuni hizo hulegea, watu hurukia kama kwenye daladala. Ukikuta hivyo mwambie nahodha wako asogee pembeni. Wengi wao wanakubali, wanaona aibu.

Uwezekano wa kumwona ni mkubwa kati ya Oktoba na Februari. Watafiti waliowavisha vifaa vya kutoa sauti waligundua kwamba baadhi yao hawaendi mbali hata miezi mingine, wanasogea tu kwenye maji ya kina kirefu zaidi. Kwa mgeni haisaidii: yupo, lakini humwoni.

Ukija Juni hadi Septemba, faraja yako ni kasa. Wanataga upande wa mashariki wa Juani, mayai yanakaa mchangani karibu miezi miwili, halafu vitoto vinafumuka. Kuna watu wa vijijini wanaolinda viota na kuhesabu siku, na wao ndio watakaokuambia leo kuna kiota cha kufumuka au hakuna. Unavuka kwa mashua, unatembea msituni kama saa moja, unafika ufukweni, unakaa chini. Mchanga unatikisika kidogo, kama maji yanayotaka kuchemka. Kinatoka kichwa cheusi. Kisha kingine. Ghafla ni vingi, vinakwenda mbio kuelekea kwenye mng'ao wa bahari, na kila mtu mzima pale anaongea kwa sauti ya kunong'ona bila kuambiwa. Mtoto wa binamu yangu angelala palepale.

Chole nako kuna popo wakubwa, wale walao matunda, wananing'inia juu ya miti mchana kama nguo zilizoanikwa. Na ndani ya Mafia kuna viboko. Ndiyo, viboko kisiwani. Watu husema walisombwa na mafuriko ya Rufiji wakaogelea mpaka huku. Usiwatafute kwa miguu.

Kilwa ina nini upande huu? Ina mikoko mizuri sana, mibuyu, ndege wa ufukweni, pweza. Na ina hadithi moja ya samaki: mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walivua silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Ila yuko chini sana, huendi kumwona. Upande wa viumbe hai, basi, Mafia haina mshindani.

Waliojenga

Sasa tugeuze. Kilwa Kisiwani ilikuwa dola. Dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe kupitia Sofala, pwani ya Msumbiji, ilipita kwenye mikono ya masultani wake, na masultani hao walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye majina yao. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nani alizifikisha huko? Ukitaka kumchelewesha muongozaji wako, muulize hilo.

Simulizi ya mwanzo wa mji ninaipenda kwa sababu ni ya biashara. Ali bin al-Hassan alikuja na merikebu kutoka Shirazi, Uajemi, akataka kisiwa. Mfalme wa bara aliyekimiliki akasema sawa, nipe nguo za kutosha kukizunguka. Ali akazitandaza. Mfalme akachukua nguo, akavuka kwenda bara, akiwa na nia ya kurudi maji yakipwa aje achukue na kisiwa, kwani siku hizo mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ali naye akachimba mkondo. Bahari ikajaa, haikupwa tena vya kutosha. Utakapovuka kutoka Masoko, ujue mashua yako inaelea juu ya ule ujanja.

Msikiti Mkuu ndio wa kwanza kukuonyeshwa. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ndogo. Ile kubwa yenye nguzo na makuba iliongezwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hassan bin Sulaiman, na kwa muda mrefu hapakuwa na msikiti mkubwa kuliko huo kusini mwa Sahara. Simama katikati asubuhi, jua likiingia kwa pembe, uzitazame zile nguzo za pembe nane zinavyopangana. Huhitaji kuwa Mwislamu wala msomi kunyamaza. Kisha toka nje mahali pa kutawadhia, utafute mawe ya duara yaliyowekwa ya kusugulia nyayo. Mimi niliweka mguu wangu juu ya moja. Unakuta mahali pa mguu.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331, akamkuta sultani huyohuyo, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha sultani akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akazivua, akampa.

Nyumba ya mtu huyo ni Husuni Kubwa, na usikubali kuikosa hata muongozaji akikwambia jua kali, ni mbali. Ni mbali kweli, ni mwendo wa shambani kuelekea mashariki, lakini ni vyumba zaidi ya 100 juu ya genge linaloangalia bahari, na katikati pana bwawa la kuogelea la pembe nane. Nilipofika lilikuwa na majani makavu na mjusi mmoja aliyeota jua kwenye ngazi kama mwenye nyumba. Wanaakiolojia wanasema jumba halikuwahi kumalizika. Nalo lilinifurahisha, maana nami nina nyumba Chanika.

Wareno walikuja mwaka 1505 wakauteka mji na kujenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Jengo kubwa unaloliona ufukweni leo, Gereza, ni la Waomani kwa sehemu kubwa, limejengwa upya juu ya lile la zamani. Neno lenyewe "gereza", wataalamu wa lugha husema, limetoka kwa Kireno na lilimaanisha kanisa. Fikiria hilo ukiwa ndani.

Songo Mnara ni safari ya mashua ya kwenda mbali zaidi kusini, na hii ndiyo inayohitaji siku ya pili. Ni mji mzima wa karne ya 14 na 15, nyumba kwa nyumba, milango, vyoo, makaburi, misikiti, na mara nyingi uko peke yako. Kushuka ni shughuli: maji yakiwa yamepwa unatembea kwenye tope katikati ya mikoko, viatu mkononi. Muulize nahodha usiku wa kuamkia safari, na msikilize. Akisema ni bamvua, yaani maji makuu, tuondoke saa kumi na moja alfajiri, usibishane.

Mafia nayo ina magofu, na hapa ndipo binamu yangu alipoanza kuyumba. Kua, kwenye kisiwa cha Juani, ulikuwa mji wa mawe, ukavunjwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliovuka kutoka Madagaska kwa mitumbwi. Leo mizizi ya miti imeshika kuta kama vidole. Wenyeji wana simulizi ya kutisha kuhusu Kua na Kisimani, mji mwingine upande wa magharibi ambao sehemu kubwa imeshaliwa na bahari. Watu wa Kisimani walijenga jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini, kisha wakakamata watoto wao, wakawalaza mchangani, wakalipitisha jahazi juu yao. Wa Kua hawakusema neno. Wakasubiri miaka, hata yakaonekana yamesahaulika, wakawaalika wa Kisimani harusini. Karamu ilikuwa ndani ya chumba cha chini. Watu wa Kua wakaanza kutoka mmojammoja kimyakimya, akabaki mzee mmoja tu anawazungumzisha wageni, na mlango ukajengwa. Aliyenisimulia alikuwa mzee wa Juani, na alipomaliza aliniuliza, "Umeshakula, mwanangu?"

Chole kulikuwa makao ya utawala enzi za Waarabu na Wajerumani, mpaka mwaka 1913 Wajerumani walipohamia Kilindoni. Magofu yake, boma na jela na maduka, yamemezwa na miti. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915 na kuitumia kama kituo cha kuisaka meli ya kivita Königsberg iliyojificha kwenye mikono ya Rufiji. Iliangamizwa Julai mwaka huohuo. Lakini magofu haya, nisidanganye, ni kitoweo. Kilwa ndiyo wali.

Kuna urithi mmoja wa Mafia ambao haujawa gofu: wajenzi wa vyombo. Chole na Jibondo bado utasikia tezo ikigonga mbao. Nilikaa nusu siku na fundi aliyekuwa anakalafati mashua, anasokota pamba, anaishindilia kati ya mbao kwa patasi na nyundo, kisha anapitisha kidole kwenye mwanya kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hakuwa na mchoro. Nilimuuliza vipimo vya mataruma viko wapi, akagonga paji la uso. Ukipita hapo usipige picha kabla ya salamu. Shikamoo kwanza, uulizwe unatoka wapi, ndipo simu itoke mfukoni. Na visiwa vyote hivi, Kisiwani pia, ni vya Waislamu wanaojistiri: nguo za kuogelea ziishie ufukweni wa hoteli na kwenye mashua. Kanga moja begani inatosha kumwondolea mtu aibu.

Mfuko

Sitataja bei, zinabadilika kabla mkeka haujaisha kusukwa. Nitataja ulaji wake. Kilwa unalipa kiingilio, muongozaji na mashua, basi. Mkiwa wanne mashua mnagawana, na gesti za Masoko ni za kawaida. Mafia kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa saa 24, na unakilipa kwenye geti la njia ya kwenda kijiji cha Utende hata kama hujaingia majini, kwa sababu hoteli nyingi nzuri ziko ndani ya hifadhi. Kila usiku unaolala Utende unalipia. Ukilala Kilindoni hulipi, na potwe wako palepale mbele yako, kisha unachagua siku moja au mbili za kuingia Utende, Chole na Juani. Watu wengi hawaambiwi hili. Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kuliko mgeni wa nje, lakini kitambulisho ukisahau Dar usije ukalia getini. Mashua ya potwe ndiyo inayokamua, na hairudishi pesa potwe asipotokea. Hilo ulielewe kabla ya kuruka.

Binamu yangu likizo yake ilikuwa Agosti. Nikamwambia: potwe sahau, kasa wapo, bahari ya kusi itamtapisha mume wako hadi Kilindoni. Kilwa ina barabara, ina mkondo mfupi, ina kuta ambazo hazina msimu. Kwa familia yake na kwa mwezi ule, Kilwa. Mtoto akipenda samaki, Masoko asubuhi wapo wa kutosha, wamelala kwenye turubai. Angekuwa yeye na mwanawe tu, bila mume, ningesema Juani bila kusita.

Akauliza kama anaweza kufanya vyote, Mafia kisha Kilwa, moja kwa moja kwa bahari, maana kwenye ramani ni karibu. Mimi sijawahi kuiona boti ya abiria yenye ratiba ya njia hiyo, na jahazi la mizigo silimshauri mtu mwenye mtoto. Utarudi Nyamisati, utapanda gari hadi Bungu kwenye lami, utashuka, utavuka barabara, utasimama upande wa pili na mabegi yako kusubiri basi la kusini linalotoka Dar. Likija limejaa, mpungie kondakta vidole vya idadi yenu, na useme Masoko.